Rangi Ninazomrekebishia Baba

Mpendwa mshauri, hili sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja: picha tano za mwisho za baba yangu si zake peke yake, nimezigusa mimi, na naomba unisaidie kabla ya Jumamosi. Baba ni mchoraji, zamani alichora milima na mito, sasa watu wanamjua kwa picha za mjini, mapaa ya mabati, nyaya za umeme, stendi mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika, na kazi hiyo ndiyo iliyonisomesha tangu chekechea. Mezani kwake tyubu za rangi hukaa kwa mpangilio uleule miaka yote, buluu kushoto kabisa, kwa hiyo hasomi maandishi, mkono unajua wenyewe. Siku moja nilifuta meza nikakosea, nikaweka kijani mahali pa buluu, nikaenda zangu shule. Niliporudi akaniita, "Njoo, binti yangu kipenzi, uone anga la asubuhi linavyotakiwa kuwa!" Lilikuwa kijani kama maji ya bwawa. Nikasubiri acheke, maana kwa utani baba hajambo, lakini alisimama tu ameshika kiuno, anangoja sifa. Nikasema, "Limekaa vizuri, Baba." Alipokwenda kwa kinyozi nikaifuta ile rangi ikiwa bado mbichi, nikapaka buluu, nikiiga mkono wake kama alivyonifundisha, akarudi na hakuona tofauti.

Tyubu nilizipanga upya, lakini hata hivyo akichanganya rangi kuta zinatoka zambarau, na mimi nafuta, napaka, nafuta. Mwenye ukumbi wa maonyesho alizipenda mno hizo picha, akamwambia, "Mzee, umerudi ujanani!" Baba akajibu, "Siku hizi mkono wangu una akili kuliko kichwa," wakacheka, mimi nikaenda kunawa uso. Mama anafanya kazi mji mwingine, na akipiga simu baba hudakia, "Mwambie mama yako nimefufuka!" Sasa Jumamosi atachora pale ukumbini mbele ya wageni, mwanzo mpaka mwisho, na amesema mimi nibaki nyumbani nisome. Nikimwambia nitamvunja, nisipomwambia ataumbuka, na kwa lugha ya shule naandika insha za kusifiwa lakini hili linanitoka kwa lugha ya nyumbani tu, nisamehe kama nimechanganya, hizo ni nyayo zake, anakuja, naificha chini ya daftari la

*

Binti wa mchoraji,

Barua yako imekatikia kwenye daftari, na umeituma hivyohivyo. Nimeitanguliza mbele ya nyingine kwa sababu ya Jumamosi.

Pole, mwanangu. Huo mzigo ni wa mtu mzima. Lakini kukugombeza nitakugombeza. Unadhani unamfichia baba aibu, kumbe unamfichia ugonjwa. Mchoraji angejua macho yake yana kasoro siku ambayo watu wangeishangaa kazi yake, na wewe umeondoa hicho cha kushangaza. Kila ulipofuta, ulimwongezea sababu ya kutokwenda hospitali. Mimi si daktari, wewe pia si daktari, ila yapo maradhi ya macho yanayofifisha rangi na yanatibika, na yapo yasiyongoja. La baba yako hujui ni lipi. Unasubiri nini?

Halafu hizo picha tano zina jina lake, na kuna watu watakaozitundika ukutani wakiamini ni mkono wake. Lazima ajue.

Usimwachie karatasi mezani. Kwa karatasi wewe ni hodari, nimeona. Leo, mchana kweupe, ingia chumba chake cha kazi useme: "Baba, zile picha nilizigusa. Rangi zilikuwa zimekosewa na wewe hukuona." Atafoka. Huenda akakutoa chumbani. Toka, umpigie mama yako palepale, umweleze yote, aombe ruhusa aje. Kumpeleka kliniki ya macho ni kazi ya mama, si yako. Na mwenye ukumbi ataambiwa na baba yako mwenyewe, iwe ni kuahirisha, iwe ni kuchora kwa mkaa mtupu. Usimpangie.

Brashi zake usiziguse tena bila kuitwa. Akipaka mto mwekundu, uache ulivyo, kisha umwambie: Baba, huo mto ni mwekundu.