Kilio Ulichokifungia Madirisha

Mpendwa Yaya,

Kinyaa hakijanitoka. Tangu mmzike mama ninasuka nywele za watu hapa Greyville, Durban, nimenuna, na wateja wananiuliza nani ameniudhi. Ni wewe, Yaya, dada yangu mkubwa wa tumbo moja.

Unakumbuka msiba wa baba? Tuliishi chumba kimoja, hapa hapa karibu na uwanja wa mbio za farasi. Mama alilia hadi ngazi za jengo zikajaa watu. Yule mama Mzulu wa ghorofa ya chini alipanda na sufuria ya chai, akasema "eish" tu kwa masikitiko, akaketi nasi mkekani. Na wewe ulijitupa sakafuni, ukalia kutushinda wote.

Kisha ukapata karatasi za Uingereza, ukaenda na mama. Ulivyojisifia mtaa wenu! Nyumba za matofali zilizoshikana safu nzima, viwanda vya nguo vilivyokufa zamani, na nyumba yenu ya mwishoni, yenye jirani mmoja tu wa ukuta.

"Huku iko kimya, mudogo wangu," ulisema. "Hata imbwa iko na adabu."

Mama kimya hicho kilimchosha. Rafiki yake alikuwa huyo jirani, bibi wa Kizungu aliyefanya kazi kiwandani tangu usichana wake. Walikunywa chai pamoja kila siku, na mama hakujua Kiingereza hata cha kuombea maji. Wewe uliwacheka: "Sijue banasemaka nini." Hukuwahi kuvuka kizingiti kwenda kuona.

Siku ya maziko nilifuata matanga nyumbani kwako kwa simu ya video. Niliona wamama wa kanisa waliotoka mbali, vikombe, mikate iliyotiwa matango. Mmoja akaanza kumlilia mama inavyostahili. Uliruka kama umeungua.

"Shhh! Ule bibi atalalamika! Ataita polisi!"

Ukafunga madirisha. Watu wazima wakameza kilio chao na mikate yako baridi. Nilizima simu. Nimekuchukia, Yaya, na nakuandikia hivyo bila kupunguza. Jirani mwenyewe hukumwalika hata kwa kikombe cha chai.

Sasa sikiliza alichoniambia mama kitambo kwa simu, akicheka: "Rafiki yangu hasikiake kitu. Mashine ya kiwanda ilimumaliza masikio. Anaangaliaka midomo yangu, miye naonyesha na mikono, tunasikilizana."

Mama yetu ulimnyima kilio kwa kumwogopa kiziwi.

Sisi tulimlilia hapa, milango wazi, hata wageni wa jengo wakaingia. Kwako ninataka jambo moja tu. Nenda nyumba ya pili. Usipige hodi, hatasikia. Ingia, simama mbele yake, umwambie polepole auone mdomo wako: rafiki yake amekufa. Nina hofu bado anamwekea chai.

Ni mimi, mdogo wako uliyemwacha Durban.