Kifundo Kisicho na Mwenyewe

Chebet mjukuu wangu,

Huku Chepsaita tu wazima. Babu yako mguu umepona, na ng'ombe wako amezaa ndama jike. Umeniuliza kama utie sahihi, kampuni yenu ipate hiyo karatasi mnayoiita hataza, iwe ndiyo mwenye njia ya kuunganisha kurasa za mtandao ambayo watu wote wanaitumia bure.

Nilipokuwa msichana, sisi wote tulishona magunia ya mahindi kwa kifundo kimoja. Ukivuta uzi mara moja, gunia linafunguka. Siku moja akaja mfanyabiashara kutoka Eldoret na barua yenye muhuri, eti kifundo ni chake na tumwombe ruhusa. Miaka hiyo ukiona muhuri unanyamaza. Lakini Mama Atieno, jirani yetu aliyetoka upande wa ziwa, akampa sindano.

"Mzee, kama ni chako, tufungie hili moja."

Akashona, akavuta. Uzi ukakwama. Ikabidi tupasue gunia kwa kisu, mahindi yakamfunika viatu. Alikunja barua yake akaenda.

Sahihi ni yako, siwezi kukuamulia. Lakini kuna gunia linakuja Nairobi na basi la kesho, nimelifunga mwenyewe. Vuta uzi mara moja, halafu uamue.

Nyanya yako