Airisi Zilizofunikwa kwa Amri ya Kitabu

Mama Yohana mke wangu,

Pokea salamu za huku Rhotia, zimelowa ukungu. Goti lako limepona, au bado unalisingizia ili majirani wakuchotee maji? Mimi mzima, ila kwa hasira niliyonayo hata ugali haupiti.

Unakumbuka airisi, yale maua ya zambarau ninayotunza hapa lodge, yenye ulimi nje kama mbwa aliyekimbizwa? Yameoza. Vitalu viwili! Mizizi yake ni minene kama tangawizi, inataka kukaa mgongo juu, iote jua. Meneja kafungua likitabu lake la Ulaya, limesema wakati wa baridi funika kwa majani makavu. Ukungu wa mwezi wa sita uliposhuka akasema, "Mzee, baridi ndiyo hii. Funika."

Nikamwambia, "Bosi, baridi ya kitabu ni ya barafu. Hii yetu ni ya maji."

"Wewe wa darasa la nne unabishana na kitabu?"

Nikafunika. Hapo ndipo panaponiuma, mke wangu. Nilijua, na bado nikafunika. Sasa anawaambia watu mzee ameua maua.

Juzi akaleta vitabu vitatu kutoka Arusha. "Haya profesa, chagua tutakachofuata." Vyote Kiingereza, alitaka niaibike. Nikamwita binti wa mapokezi, Mwiraqw wa Endabash, nikamwambia, "Usinisomee habari za uzuri. Nitafutie palipoandikwa kuoza." Cha kwanza kilijaa theluji. Cha pili, picha tupu, kama kalenda. Cha tatu chembamba, kimeandikwa na mama mmoja wa milimani, kwao mvua mara mbili kwa mwaka kama huku. Anakiri ameozesha airisi zake mara tatu, na anaeleza jinsi gani.

"Hicho hicho!" nikasema. "Aliyeua ndiye ajuaye."

Meneja akacheka. "Hakina picha, mzee. Wageni wataangalia nini mezani?"

Kumbe kitabu ni cha meza! Akachukua kalenda yake, na kesho anataka mizizi tisa iliyopona nayo ifunikwe.

Haifunikwi. Nimeihamishia nyuma ya jiko, migongo juu, binti ananisomea kile chembamba. Meneja ataiona asubuhi. Akinifukuza nitakuja nayo kwenye gunia, unitafutie penye jua. Ikioza, safari hii nitakuwa nimeiozesha mwenyewe.

Msalimie mama mkwe, mwambie sijafa bado, avumilie. Na mdogo wangu fundi baiskeli, na jirani yetu mzee wa kanisa anayesinzia ibadani.

Ni mimi mumeo, meno machache maneno mengi,
Baba Yohana