Pampu Aliyoichomoa Baba Mdogo

Mjimwema,
Songea.
9 Juni, 2025

Mpendwa Shangazi Adela,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Magoti yanaendeleaje, na Mwanza mnaionaje? Sisi wazima, ila baridi ya Juni imetukamata hata maji ya kunawa tunayaogopa. Mahindi tumeshavuna, gunia lako lipo.

Ningepiga simu, lakini ningelia. Na kwenye kundi la ukoo nisingeweza kuandika, maana mdogo wako Polikarp naye yumo, na habari yenyewe ni yake. Ndiyo maana nimempa Egidi, jirani yetu, akuletee barua hii kwa basi.

Shangazi, nimechoka. Tangu waniweke msimamizi wa karakana ya serikali ya kutengeneza vifaa vya hospitali, sijaona kazi ngumu kama kumsimamia baba yangu mdogo. Kila asubuhi namwamkia, anaitikia marahaba mwanangu, hapo hapo ukali wote umeniisha. Nikimwuliza kazi, ananikumbusha alivyonibeba mgongoni. Ufundi anao, hilo simnyimi. Lakini ana ugonjwa wa kuazima: akikosa kifaa cha mashine hii, anakichomoa kwenye ile. Nimekataza mpaka sauti imekauka.

Wiki iliyopita alikuja muuguzi analia, mashine yao ya oksijeni imekufa. Baba mdogo akamwonea huruma, akachomoa pampu kwenye mashine ya kituo kingine, iliyokuwa imeshatengenezwa na kubandikwa karatasi ya "tayari". Karatasi hakuibandua. Eti angerudisha pampu kesho yake! Shamimu, fundi wetu mgeni, binti wa Tunduru ambaye bado yuko kwenye majaribio, akaikabidhi mashine hiyo kwa wenyewe akijua ni nzima. Kule wakaiwasha kwa ajili ya kichanga, haikutoa kitu. Mtoto alikimbizwa mjini kwa gari la padri. Amepona, Mungu ni mwema.

Sasa mkuu wetu anasema Shamimu aondoke Jumatatu ijayo, kwa kuwa ndiye aliyekabidhi. Mafundi wote wanajua ukweli, na wote kimya, kisa ni mzee wao. Nikamfuata baba mdogo nyumbani kwake Majengo, nikamwomba aende akaseme. Akanijibu, "Mimi nastaafu mwakani, Hilda. Yeye bado kijana, atapata kazi nyingine."

Kazi gani hiyo ya kuokota barabarani? Halafu akanikaribisha chai. Niliondoka bila kuaga, na unajua sijawahi kumfanyia hivyo.

Wewe ndiye dada yake mkubwa, hana mwingine anayemsikiliza. Mpigie Jumapili akitoka misani, umwambie aende mwenyewe. Asipokwenda, nitamtaja mimi, mbele ya mkuu na yeye akiwepo. Nitatetemeka, lakini nitamtaja. Kwenye kikao cha ukoo mtanisema mtakavyo, lakini mseme pia ni utu uzima gani huo wa kumtwisha mtoto wa watu kosa lako.

Nisalimie Tadei na mkewe, na wajukuu wote. Mama na Remmy wanakusalimu sana. Mungu akushike mkono, akupunguzie maumivu.

Baba mdogo hakutuma salamu. Hajui kama nimekuandikia.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Hilda