Pumzi za Mheshimiwa

Jumapili, 9 Machi 2014

Nimetoka zamu ya usiku. Nimevua viatu, nimenawa mikono, nimetundika mfuko wa dripu kwenye ndoano ya pazia. Mheshimiwa alikuwa ameshapanda mezani mwenyewe, sikumwita. Paka gani huyu anayejipeleka kwenye sindano? Nikabana ngozi ya mgongo, nikachoma, maji yakaingia. Hakulia. Alitazama dirishani kama mtu aliyechelewa kuletewa chai.

Ni mzee, hakuna anayejua umri wake. Mwalimu wa ghorofa ya juu alipohama Doha alimwacha ngazini na bakuli lake. Figo zilikuwa zimeshachoka. Daktari Hiba, wa kliniki ya wanyama, alimpa mwaka mmoja, tena kwa kuguna. Huu ni wa tatu. Mimi na Akinyi tu. Manesi wawili, wodi moja, chumba kimoja hapa mtaa wa Mansoura, Doha, mgonjwa mmoja. Sheria yetu ni moja pia: anayetoka usiku ndiye anayempa maji asubuhi.

Najivunia na sioni haya.

Jumatano, 12 Machi

Ratiba mpya ya wodi imetoka. Vurugu tupu. Leo mchana, kesho usiku, keshokutwa mchana tena. Mimi na Akinyi tunapishana mlangoni, na siku nyingine hatupishani kabisa.

Nimerudi jioni nikamkuta amelala na sare. Soksi pia. Nikampapasa Mheshimiwa mgongoni, hakuna kile kiuvimbe cha maji kinachobaki baada ya dripu. Akinyi amesahau. Nimempa mimi, kimyakimya. Sitamwambia. Amenitangulia unesi kwa miaka na miaka, na kumwambia amesahau mgonjwa ni kumvua nguo.

Ijumaa, 14 Machi

Tena hakuna uvimbe. Nimempa tena. Maskini Akinyi, ratiba hii itamuua.

Mheshimiwa amekula bakuli zima la samaki.

Jumamosi, 15 Machi

Vumbi tangu alfajiri. Jengo la mbele halionekani.

Nilikuwa napiga pasi nikasikia sauti. Nikazima pasi. Ni yeye. Anavuta pumzi, na ndani yake kuna kitu kinachochemka polepole, sufuria ya chai kabla haijafurika. Nikatoa stetoskopu. Chini ya mbavu, pande zote mbili, mlio wa unyevunyevu. Sikuupenda.

Vumbi hili. Nimeziba madirisha kwa taulo zilizolowa, nimefua chujio la kiyoyozi. Maji yaliyotoka ni meusi. Ndilo hilo.

Jumatatu, 17 Machi

Vumbi limetulia. Sauti haijatulia.

Lakini nimempima uzito na ameongezeka! Paka wa figo, mzee, anaongeza uzito. Nimempiga picha juu ya mizani nikawatumia wodi nzima. Dada mmoja Mfilipino ameandika kwamba akizeeka anataka kuuguzwa na sisi. Nimetembea kichwa juu siku nzima.

Mama alipiga simu kutoka Voi. Nikamweleza habari za Mheshimiwa. Akaniuliza: "Huyo paka ana manesi wawili. Mimi nina nani?" Alicheka. Mimi sikucheka sana.

Jumanne, 18 Machi

Ujumbe wa Akinyi kwenye simu: anasikia mlio kifuani mwa mzee, anashuku udi wa jirani. Ameziba upenyo wa mlango kwa utepe wa gundi. Sasa mlango haufungi vizuri, na udi unaingia kupitia kiyoyozi. Huyo ndiye Akinyi.

Sauti iko palepale. Anapolala, mbavu zinakwenda mbio. Nimemwambia Akinyi tumpeleke kliniki siku ya kwanza tutakayopata mapumziko pamoja. Ratiba inasema wiki ijayo. Nimempa maji, angalau asikaukiwe.

Nina hofu. Naiandika hapa kwa sababu wodini mimi ndiye ninayewaambia wengine wasiogope.

Alhamisi, 20 Machi

Nimefika kutoka zamu nikamkuta chini ya meza. Shingo ameinyoosha, viwiko amevitawanya, mdomo wazi. Paka hapumui kwa mdomo. Hata asiyesomea unesi angejua.

Akinyi alikuwa anafunga vifungo vya sare aende kazini. Alimtazama, akavifungua. Akampigia msimamizi wa wodi akasema kuna mgonjwa nyumbani. Haukuwa uongo. Hajawahi kukosa zamu tangu aje Doha. Tukamweka kwenye kikapu cha nguo, kifuniko wazi apate hewa, tukateremka ngazi mbiombio. Dereva wa teksi, Mganda, alichungulia kikapuni, akapita kila mahali alipoweza kupita.

Daktari Hiba alimsikiliza kifua, akampiga picha, akatuonyesha. Mapafu hayaonekani vizuri. Maji. Akapapasa miguu ya mbele: imevimba, laini. Mimi niliiona miguu hiyo juzi nikasema ananenepa.

Kisha akauliza swali jepesi kabisa. Nani anampa dripu?

"Mimi," nilisema.

"Mimi," alisema Akinyi.

Kwa pamoja. Tulitazamana. Daktari akatutazama sote wawili, akaweka kalamu mezani.

"Dama," Akinyi alisema taratibu, "we pia ulikuwa unampea?"

"Nilidhani umesahau."

"Aki na mimi nilidhani wewe ndio umesahau. Ulikuwa umechoka mbaya. Nikaona nisikuaibishe."

Hakuna aliyesahau hata mara moja. Ratiba ilivyovurugika, mmoja alimpa asubuhi, mwingine akampa jioni. Kila mmoja alipapasa mgongo, akaukuta tambarare, akamstahi mwenzake. Maji yalikuwa yameshateremka miguuni na kifuani. Tumemzamisha. Watu ambao hatutoki wodini bila kukabidhiana kila mgonjwa, kitanda kwa kitanda, amekula nini, amekojoa kiasi gani, amepewa dawa gani. Nyumbani tukapishana mlangoni na kuitana pole.

Daktari hakutugombeza. Afadhali angetugombeza. Alimchoma kifuani akavuta maji, sindano baada ya sindano. Yetu hayo. Kisha akamweka kwenye sanduku la oksijeni. Akasema wazi: dawa ya kuondoa maji itaziumiza figo, na figo hizi hazina akiba. Akasema pia kwamba kumlaza usingizi wa moja kwa moja si dhambi. Akinyi akasema apewe muda mpaka kesho. Mimi nikasema hivyohivyo, kabla hajamaliza.

Nimejichukia leo. Sina namna nyingine ya kuiandika.

Ijumaa, 21 Machi

Siku ya kanisa huku. Akinyi amekwenda peke yake. Hatujasemezana tangu jana. Si hasira. Kila mmoja anaogopa kwamba mwenzake ataomba msamaha kwanza.

Nilikaa na simu mkononi. Nikaosha bakuli lake, lilikuwa safi. Nikaliosha tena.

Walipiga saa ya chakula cha mchana. Ameuvuka usiku, yuko hai. Pumzi zimeshuka. Amejikojolea, tena sana, na sijawahi kufurahia mkojo kiasi hiki maishani, hata wodini. Na alipokuwa anachomwa sindano ya dawa amemuuma mhudumu wa kliniki. Mhudumu analalamika, anataka nijue.

Paka yule yule anayepanda mezani mwenyewe kwetu! Wageni anawauma. Nilicheka mpaka nikalia. Nikamtumia Akinyi ujumbe kanisani. Akajibu papo hapo, maana yake simu ilikuwa wazi kwenye ibada. Aliandika neno moja: "Mheshimiwa!"

Aliporudi alikuwa amenunua chapati. Tukala. Akaniambia, "Siku ingine niaibishe tu, sawa?" Nikamwambia na yeye aniaibishe. Hakuna aliyeomba msamaha. Ulikuwa umeshatoka.

Jumapili, 23 Machi

Tumemleta nyumbani. Amekonda, amenyolewa ubavu mmoja, anatembea kama ndiye mwenye jengo. Daktari Hiba amesema figo zimerudi nyuma kidogo, si kama alivyohofia. Apewe maji nusu ya kipimo, siku moja moja, na mtu mmoja tu kwa siku. Akaniambia amewahi kuona paka wachache wa umri huu wakivuka hapo. Kisha akamkuna kichwa, na Mheshimiwa akamruhusu, jambo ambalo nimemwona akimruhusu mtu mwingine kwa nadra.

Jumatatu, 24 Machi

Nimefika asubuhi, Akinyi anatoka. Hakunipita. Alisimama mlangoni, mkoba begani, mikono nyuma, akanipa ripoti kama mbele ya mganga mkuu: Mheshimiwa, dume, mzee, figo, amelala vizuri, amekula nusu, amekojoa mara mbili, maji bado, ni yako leo, kifua safi pande zote. Nikairudia neno kwa neno. Mtu wa bakala, lile duka la chini, alikuwa anapandisha mitungi ya maji ngazini. Alisimama akasikiliza mpaka mwisho.

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wodi nzima ituone. Manesi wazuri nimewaona wengi. Anayesimama wima kumripoti paka, baada ya kuanguka vile, ninaye mmoja, na ninaishi naye.

Ijumaa, 4 Aprili

Mapumziko yamekutana, yangu na ya Akinyi. Ni nadra tangu ratiba ibadilike. Hatujatoka. Akinyi anasuka nywele zake mwenyewe, anakosea, anafumua. Nje joto limeanza.

Figo zitamchukua, labda kabla ya Agosti. Najua. Akinyi anajua. Lakini atakwenda kwa ugonjwa wake, si kwa mikono yetu.

Amelala katikati yetu, mkia juu ya mguu wangu. Nimeweka stetoskopu kifuani mwake, akafungua jicho moja, akalifumba tena. Akinyi amesimamisha kitana.

"Unasikia nini?"

Upande wa kulia. Upande wa kushoto. Chini ya mbavu, mpaka mwisho.

Sisikii kitu. Hewa tu inaingia na kutoka.