Bastola ya Baba, Mkono wa Dwight

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Loretta Stamper. Umri: miaka 58. Kazi: mpishi wa shule. Makazi: Pell Creek, Kentucky.

Nimeonywa niseme kweli. Mngemwonya shemeji yangu Dwight kwanza.

Bastola hiyo ilikuwa ya marehemu baba yetu, akamwachia mdogo wangu Geneva. Triga yake, kile kifyatulio, ilikuwa nzito kuvuta. Mwaka jana Dwight, mume wa Geneva, aliipeleka kwa fundi bunduki ailainishe. Fundi alikataa. Alimwambia mbele yangu, “Ikifyatuka yenyewe, mahakamani wataniuliza mimi, halafu watamuuliza mkeo. Iache.”

Dwight hakuiacha. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, sahani zikiwa bado mezani, aliifungua, akakata springi na kusugua vyuma. Nikamwambia, “Shemeji, hayo si mambo ya kujaribia mezani.”

Akacheka. “Wewe pika maharage, shemeji. Sasa hata paka anaifyatua.”

Kisha akachukua kalamu yake ya kuchomea mbao, akaandika kwenye mpini: KARIBU KUZIMU. Geneva alimwambia afute. Hakufuta.

Mnamo tarehe 12 Oktoba 2019, saa moja jioni, nilikuwa jikoni kwa Geneva. Walikuwa wametengana, na mahakama ilishamkataza Dwight kukanyaga pale. Alivunja mlango kwa teke akiwa na nyundo mkononi. Geneva akashika bastola kwa mikono miwili, akasema, “Dwight, rudi ulikotoka.”

Dwight akasema, “Huna ubavu.” Akapiga hatua, nyundo juu. Bastola ikalia. Alianguka akishika paja, akitukana. Geneva aliganda, akawa anarudia, “Sikuvuta. Niligusa tu.”

Sasa neno hilo mmemfunga nalo. Akisema alikusudia, mnasema alitaka kuua. Akisema hakukusudia, mnamwita mzembe, eti kujihami hakuna. Nyundo hamuulizi. Mlango hamuulizi. Mdogo wangu yuko ndani, na aliyeikata springi analala kitanda cha hospitali akiletewa supu. Nina hasira, na liandikwe hivyo hivyo.

Sajini ameniuliza mara tatu kwa nini mwanamke mwema aandike maneno ya kuzimu kwenye silaha. Amesema Dwight amekana, amesema ni mkono wa Geneva. Basi nimekuja na kibao changu cha kukatia mboga. Dwight alinipa Krismasi, mbele ya ukoo mzima, kwa kalamu ile ile: KARIBU JIKONI. Itazameni hiyo K, mguu wake umepinda nje. Kisha katazameni mpini.

Nimesomewa yote. Ni maneno yangu, sipunguzi hata moja.

(Sahihi) L. Stamper

Yameandikwa nami, Sajini T. Hensley. Shahidi alikataa kiti. Kibao kimepokelewa kuwa kielelezo, na mpini umeletwa ukawekwa kando yake. K zinafanana. Shahidi alipoulizwa kama angependa kurudishiwa kibao kesi ikiisha, alijibu: “Kichomeni. Mimi nirudishieni mdogo wangu.”