Swali Langu Moja la Ziada

Shoga, ile kesi ya fundi pikipiki anayeshtakiwa kuiba pikipiki imesimamishwa leo. Na aliyeiua ni mimi, mwendesha mashtaka mwenyewe.

Wakili wa fundi alidai polisi walitega kinasa sauti pale mahabusu, alipokuwa akiongea na mteja wake. Ushahidi hana hata chembe. Ningekaa kimya tu, ningeshinda.

Mimi huyo nikasimama, kifua mbele, nikamwambia mpelelezi wetu aliyekuwa akitoa ushahidi, "Ieleze mahakama ulijuaje pikipiki ilikofichwa."

Akajibu bila wasiwasi, "Niliwasikia mshtakiwa na wakili wake. Tulikuwa tunawarekodi."

Tulikuwa tunawarekodi, shoga. Mbele ya jaji. Na mimi natikisa kichwa kukubali, bado sijaelewa nilichosikia.

Jaji akavua miwani. Akasema polisi wakishaiba siri za mshtakiwa na wakili wake, hakuna tena kesi ya haki. Akaisimamisha kabisa palepale, fundi akaachiwa.

Kwenye korido, mama yake fundi akanikumbatia huku analia. "Asante, wakili. Lile swali lako limemwokoa mwanangu."

Nilitaka kumwambia mimi ndiye niliyetaka afungwe. Lakini alinishika kama nduguye, nikashindwa.

Nikamjibu, "Ni wajibu wangu, mama."